Afya ya Akili na Tofauti za Hulka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nakuru, Kisumu na Magharibi

Mimi ni mshauri nasaha Nakuru, na kazi hunipeleka Kisumu, Siaya na Bungoma. Maswali haya nimeulizwa katika vikao vya chama, mikutano ya wazazi, vijiwe vya boda boda na foleni za hospitali, na nimeyaacha karibu na yalivyosemwa. Wengi hudhani utafiti wa saikolojia ni mambo ya Ulaya na Marekani. Kumbe baadhi ya tafiti zinazosomwa duniani kote zilifanyiwa hapa kwetu, na majibu yalitoka vinywani mwa mama zetu na watoto wetu. Kwa hiyo nitazitaja ninapojibu.

Kama wewe au mtu wako yuko hatarini sasa hivi, ruka moja kwa moja hadi swali la 15.

## Mambo ya kuanzia

1. Kufikiria sana ni ugonjwa?

Kwetu ni nadra mtu kuingia na kusema "nina depresheni". Husema ana mawazo mengi, moyo ni mzito, kichwa kinachemka. Mama wa Kisumu atasema ana *parruok*. Washona wa Zimbabwe nao wana neno *kufungisisa*, lenye maana hiyo hiyo ya kuwaza kupita kiasi. Zahanati za Harare zilipoanza kutumia neno hilo la nyumbani, na kuwafunza nyanya wa mtaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi, watu walizungumza. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwafuata wagonjwa 573, na waliopata benchi walipata nafuu zaidi ya wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Kuwaza karo ya Januari si ugonjwa. Tunaangalia muda, uzito, na kama maisha yamesimama. Depresheni, ambayo kamusi nyingine huiita sonona, huwa na dalili tisa: huzuni, kutofurahia chochote, usingizi kuharibika, hamu ya chakula kubadilika, uchovu, kujiona huna thamani, kushindwa kumakinika, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kifo. Tano kati ya hizo, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa furaha, karibu kila siku kwa wiki mbili: hapo usingoje ipite yenyewe.

2. Yale maswali tisa niliyoulizwa kliniki yanapima nini?

Hiyo ni hojaji ya PHQ-9, inayopima zile dalili tisa za depresheni. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ikifika 27. Kuanzia 10, mhudumu hutakiwa kukuangalia kwa karibu. Utafiti uliochapishwa 2009 uliijaribu magharibi mwa Kenya kwa watu wazima wanaoishi na HIV, na ikaonekana inafanya kazi.

Lakini alama si hukumu. Mama aliyejifungua juzi hana usingizi hata akiwa na furaha tele, na mwenye malaria hana nguvu wala hamu ya ugali. Ndiyo maana baada ya karatasi lazima kuwe na mazungumzo. Swali la tisa linahusu kujidhuru. Lijibu kwa ukweli, tafadhali.

3. Haya si mapepo? Au chira, ile laana ya kuvunja miiko ya Waluo?

Sitamwambia mtu aache imani yake. Nimeona maombi yakimpa mtu nguvu ya kuamka, na nimeona wazee wakiketi na familia na kulimaliza jambo lililokuwa limemla mtu moyoni. Ninachokataa ni mambo matatu: kumfunga mtu kamba, kumnyima chakula, na kumwambia atupe dawa. Mchungaji au mzee anayekubali uende hospitali huku akikuombea anakusaidia. Anayekukataza anakuweka hatarini.

## Kwa nini watu hutofautiana

4. Ndugu wawili walipitia mambo yale yale. Mbona mmoja alivunjika na mwingine akaendelea?

Nakuru swali hili haliishi, kwa sababu wengi tunakumbuka ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008. Familia moja ilifukuzwa nyumba moja, ikalala uwanja wa maonyesho, ikarudi pamoja. Leo kaka anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Dada akisikia firimbi na mbio za watu barabarani, mwili wote unatetemeka. Kisha watu wanamwambia, "Mbona kaka yako alisahau?"

Kwanza, hawakupitia mambo yale yale. Mmoja alikuwa na miaka kumi na tisa, mwingine saba. Mmoja alikuwa ametumwa dukani, mwingine aliona kwa macho yake. Nyumba ni moja lakini tukio ni mawili.

Pili, hulka. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwaonyesha watoto wa miezi minne vitu vigeni, na kama mmoja kati ya watano alirusha miguu na kulia sana. Wengi wa hao walikua wakiwa watoto waangalifu, wenye haya mbele ya wageni. Hawakufundishwa hivyo, walikuja hivyo. Uchambuzi mkubwa wa 2015 ulikusanya machapisho 2748 kuhusu mapacha na ukakuta kwamba kwa wastani karibu nusu, asilimia 49, ya tofauti kati ya watu hutokana na urithi. Nisieleweke vibaya: ni nusu ya tofauti kati ya watu wengi wakilinganishwa. Huwezi kumkata mtu mmoja ukasema nusu hii ni damu na nusu hii ni malezi.

Tatu, na hapa ndipo ninapotaka familia zisikie, kuna yale yanayofuata baada ya tukio. Mwaka 2000 watafiti waliokusanya tafiti nyingi za kiwewe walikuta kwamba kukosa watu wa kukushika mkono baadaye, na kuongezewa shida nyingine juu ya ile ya kwanza, vina uzito kuliko mambo mengi yaliyokuwepo kabla. Urithi wa dada huyo hatuwezi kuugusa. Lile swali la "mbona kaka yako alisahau" tunaweza kuliacha leo.

Na jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: watu wengi waliopatwa na mambo mazito hawabaki na ugonjwa wa kiwewe. Hupata usiku mbaya, hulia, kisha hurudi kazini.

5. Ukoo wao una ugonjwa wa akili. Nimwoe?

Tuchukue skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini mambo yasiyo kweli, ambao watu huuogopa kuliko yote. Katika watu wa kawaida humpata karibu mtu mmoja kati ya mia. Mzazi mmoja akiwa nao, mtoto ana uwezekano wa kama kumi kwa mia. Igeuze hesabu hiyo: tisini hawaupati. Kwa depresheni, tafiti za mapacha hukadiria urithi kuwa kama asilimia 37, kwa hiyo sehemu kubwa iko kwingine.

Hakuna jeni moja ya depresheni. Utafiti uliochapishwa Januari 2025, wenye watu zaidi ya milioni tano kutoka nchi 29, ulipata karibu tofauti 700 za vinasaba, kila moja ikisukuma kidogo sana. Kwa hiyo hakuna kipimo cha damu cha kumpima mchumba, na anayekuuzia kipimo hicho anakuibia. Tena damu nyingi zilizochunguzwa katika tafiti za namna hii ni za watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo sababu mradi wa NeuroGAP, unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, umekusanya sampuli Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini.

Ukiniuliza mimi, chunguza jinsi ukoo huo unavyomtunza mgonjwa wao. Hilo litakuambia mengi kuhusu nyumba unayoingia.

6. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Hulka hubadilika?

Hubadilika, polepole. Uchambuzi wa tafiti 207, uliochapishwa 2017, ulikuta kwamba watu waliopata tiba walibadilika katika vipimo vya haiba ndani ya muda wa wastani wa wiki 24, na kilichobadilika zaidi ni ile hali ya kuyumbishwa na hofu na huzuni. Hutaamka siku moja ukiwa mtu mwingine, lakini ule mshtuko wa hofu kila simu inapolia unaweza kupungua hadi ukaacha kuuona.

Wasiwasi wenyewe si dhambi wala ulegevu. Mama mwenye wasiwasi ndiye aliyeona mapema kwamba mtoto anapumua vibaya.

7. Zile hojaji za haiba za mtandaoni ni za kuaminika?

Kwetu, kwa tahadhari kubwa. Nyingi hutegemea mizani ya sifa tano kuu (kupenda mambo mapya, bidii, uchangamfu, upole na wasiwasi), iliyokuzwa kwa wanafunzi na watu waliosoma huko Magharibi ya dunia. Watafiti Rachid Laajaj na Karen Macours waliwapima wakulima wa magharibi mwa Kenya, na mwaka 2019 wao na wenzao wakachapisha uchambuzi wa data za nchi 23 za kipato cha chini na cha kati. Katika hojaji zilizosomwa na mtu ana kwa ana, sifa hizo tano hazikujitenga vizuri.

Sababu mojawapo ni ya kiadabu. Mgeni amekuja bomani, amekalishwa kitini, anakuuliza, "Je, wewe ni mtu mwenye bidii?" Unasema ndiyo. Anakuuliza, "Je, wewe huwa mvivu?" Unasema ndiyo tena kidogo, maana kumkatalia mgeni si vizuri. Karatasi inaandika kwamba una bidii na ni mvivu. Mkulima hakukosea. Swali lilifika kwake bila kubisha hodi.

8. Mtoto wangu hushika mkia darasani. Ana akili ndogo?

Mwaka 2001 mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 85 wa Usenge, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Waliwapima akili za shuleni na pia ujuzi wa mitishamba: ugonjwa huu hutibiwa kwa jani gani, kwa kipimo gani. Watoto waliojua dawa zaidi ndio waliopata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza. Muda wa mtoto haugawanyiki bila kikomo, na kila nyumba huamua auwekeze wapi.

Kundi hilo la watafiti liliwauliza pia Waluo akili ni nini, wakapewa maneno manne: *rieko*, ujuzi na werevu, *luoro*, heshima, *paro*, kufikiri na kupanga, *winjo*, kusikia na kuelewa. Ni *rieko* peke yake lililoendana na vipimo vya shule. Kwa hiyo mtoto anayetumwa sokoni na kurudi na chenji kamili, anayejua ni lini anyamaze mbele ya wazee, ana akili ambazo ripoti ya muhula haina safu yake.

Hata hivyo mpeleke akapimwe macho na masikio. Na kama alikuwa akifanya vizuri kisha akaanguka ghafla, keti naye umuulize kuna nini.

## Tafiti zilizofanyiwa kwetu

9. Shida zetu ni pesa tu. Tukipewa pesa si tutapona?

Swali hili limejibiwa kwa utafiti, na majibu yametoka Siaya na Nakuru.

Huko Rarieda, Siaya, kati ya 2011 na 2013, kaya maskini zilichaguliwa kwa kura kupewa pesa kupitia M-Pesa bila masharti. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba, pamoja na mabati mapya na chakula zaidi, watu waliripoti furaha zaidi na msongo pungufu.

Kisha watafiti Johannes Haushofer, Robert Mudida na Jeremy Shapiro wakaja kaunti ya Nakuru na kuuliza swali gumu zaidi: pesa au ushauri? Watu 5756 waligawanywa. Wengine walipata pesa zenye thamani ya dola 1076 zikirekebishwa kwa bei za hapa kwetu, wengine wiki tano za ushauri wa PM+, yaani mbinu za kukabiliana na matatizo, uliotungwa na Shirika la Afya Duniani, wengine vyote viwili, wengine hakuna. Mwaka mmoja baadaye waliopata pesa walikuwa na hali bora, ya mfuko na ya moyo. Waliopata ushauri peke yake hawakuonyesha tofauti yoyote iliyopimika, hata wale walioanza wakiwa na hali mbaya.

Matokeo hayo yaliniuma, maana kazi yangu ni ushauri. Nimeyasoma mara nyingi na sitayaficha. Lakini weka kando yake utafiti wa Nairobi wa 2017: wanawake 421, wote wenye dhiki iliyopimwa kwanza, ushauri ule ule wa PM+, na miezi mitatu baadaye waliopewa walikuwa na nafuu ya wastani. Tofauti ziko mbili. Kule Nairobi waliingizwa wenye dhiki tu, wakapimwa baada ya miezi mitatu. Nakuru waliingizwa watu wa kila namna, wakapimwa baada ya mwaka. Mimi ninachojifunza ni kwamba vikao vitano si chanjo, na kwamba mtu mwenye njaa anahitaji chakula kabla ya ushauri wangu. Ninachokataa ni kusema pesa zinatosha: nimeketi na wenye maduka matatu wasioweza kutoka kitandani.

10. Mtu asiye daktari anaweza kumtibu mgonjwa wa akili?

Magonjwa ya kawaida, depresheni na kiwewe, ndiyo, akifunzwa na akisimamiwa. Kisumu, wanawake 256 wanaoishi na HIV na waliopitia ukatili walishiriki utafiti uliochapishwa 2021. Waliopata vikao kumi na viwili na wahudumu wasio wataalamu wa akili, wakizungumzia mahusiano na misiba yao, walipungukiwa na depresheni na kiwewe kuliko wenzao. Bungoma, pamoja na Moshi nchini Tanzania, watoto 640 waliofiwa na mzazi waliingia utafiti uliochapishwa 2020, ambapo wengine walikutana kwa makundi na watu wa kawaida wa jamii waliofunzwa, na watoto wa Kenya walionyesha faida hata mwaka mmoja baadaye. Mradi wa Shamiri, uliojaribiwa Nairobi na Kiambu kwa wanafunzi 413, ulitumia vijana waliomaliza sekondari juzi tu: vikao vinne, na dalili zikapungua.

Skizofrenia, kifafa, na mtu anayesikia sauti ni jambo jingine. Hao wanahitaji hospitali (swali la 13).

11. Dada yangu alisaidiwa na ushauri, mimi sikusaidiwa. Nina kasoro?

Huna. Wastani wa utafiti huficha watu waliopona kabisa, waliopata nusu, na wasiopata kitu. Ndiyo sababu Hospitali ya Kaunti ya Kisumu ilikuwa mahali pa utafiti uliolinganisha ushauri wa mahusiano na dawa ya fluoxetine. Ambao hawakupona kwa kile cha kwanza walibadilishiwa au kuongezewa cha pili. Mpango huo unaanza kwa kukubali kwamba watu hawafanani. Mwambie mhudumu wako waziwazi: "Hili halijanisaidia." Hatakasirika, na akikasirika tafuta mwingine.

## Dawa na hospitali

12. Dawa za depresheni zitanifanya mraibu?

Fluoxetine na amitriptyline hazileti uraibu kama pombe. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, na wengi huziacha wiki ya pili wakidhani hazifai. Usizikate ghafla bila kuzungumza na daktari. Diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi, ni tofauti: hiyo mwili huizoea, kwa hiyo usiinunue kiholela dukani. Amitriptyline ikizidi kipimo ni hatari sana. Kama nyumbani kuna mtu mwenye mawazo ya kufa, dawa zikae kwa mtu mwingine.

13. Nianzie wapi?

Kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au zahanati iliyo karibu. Wakikutuma mbele, Kisumu ni Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wengi tunaiita Russia. Nakuru ni hospitali ya rufaa ya kaunti. Eldoret ni Hospitali ya Moi. Nenda na mtu unayemwamini, na dawa zote unazotumia zikiwa ndani ya mfuko.

## Hali zinazochanganya

14. Mume wangu halii wala hasemi ana huzuni. Ana hasira na anakunywa tu. Hiyo nayo ni depresheni?

Inaweza kuwa. Wanaume wengi tumelelewa kwamba machozi ni ya watoto, basi huzuni hutoka kwa mlango mwingine: ukali, chang'aa, kuchelewa kurudi, kuendesha pikipiki kama mtu asiyejali kufika. Usimuulize "una huzuni?" Muulize analalaje, na ni lini mara ya mwisho alifurahia kitu.

Kuhusu pombe, Eldoret kulikuwa na utafiti wa watu 614 waliokuwa wakihudhuria kliniki za HIV. Vikao sita vya kundi, wanaume kivyao na wanawake kivyao, vikiongozwa na watu wasio wataalamu, vilipunguza unywaji kuliko masomo ya afya ya jumla. Mtu anayekunywa kila siku kwa wingi asiache kwa siku moja bila hospitali kujua, maana anaweza kupata degedege. Na kama anakupiga, usalama wako na wa watoto unatangulia. Hulka yake wala ugonjwa wake hauhalalishi kipigo.

15. Mtu wangu anasema anataka kufa. Nikisema, si atashtakiwa?

Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo ilifunga vinywa vya wengi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi, kupitia Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mpeleke hospitali.

Muulize moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakupandikizi wazo hilo kichwani mwake. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za mifugo na za shamba, kamba na visu karibu naye. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu Kenya bila malipo, au Befrienders Kenya 0722 178 177. Usibishane naye kuhusu dhambi usiku huo. Keti naye tu mpaka msaada ufike.

16. Nimefiwa miezi minane iliyopita na bado nalia. Ni ugonjwa?

Huenda si ugonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huzungumzia huzuni iliyopitiliza baada ya miezi sita, ule wa Wamarekani baada ya mwaka kwa watu wazima, na wote hutaka desturi za mahali ziangaliwe. Kwetu wiki za kwanza hujaa watu: michango, hema, maiti kuchukuliwa, wapishi, wimbo hadi asubuhi. Mjane hana nafasi ya kulia. Wageni wakiondoka ndipo msiba wake unaanza. Kinachonitia shaka ni mtu asiyeweza kabisa kula, kutoka au kuwatazama watoto wake kwa miezi, kila siku ikiwa kama ya kwanza. Huyo aje.

17. Watafiti wamekuja kijijini kwetu na karatasi. Nikubali?

Ni hiari yako, na ukikataa hupotezi matibabu yako. Omba uone kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, na cha kamati ya maadili. Fomu isomwe kwa lugha unayoielewa, iwe Kiswahili, Dholuo, Lubukusu au Kikuyu, na uachiwe nakala. Una haki ya kuruka swali na ya kujitoa katikati. Uliza nani utampigia ukiumia moyo baada ya maswali hayo, na uliza ni lini watarudi kuwasomea matokeo.